Siku ya Kurudisha Wimbo

Mji ule haukuwa na jina. Ukiuliza utaambiwa ulikuwa nalo, tena zuri, lakini likachafuka, wakalitupa wakachukua jingine, nalo likachafuka, mpaka wakachoka kubatizana wakabaki hivyo hivyo. Ndivyo walivyokuwa watu wake. Kitu kikiingia doa hawakukifua. Walikitupa jalalani, wakanawa mikono hadharani ili waonekane wamenawa, kisha wakapanga foleni kutafuta kingine cha kuchafua. Siwema aliishi humo maisha yake yote, na mjini mle mtu hakuhesabu umri wake kwa miaka bali kwa nyimbo: huyu kazaliwa wimbo fulani ukivuma, yule kaolewa wimbo fulani ukififia. Kwa hesabu hiyo Siwema alikuwa na umri wa wimbo mmoja tu, nao uliitwa "Nifungulie". Asubuhi hiyo mji ulikuwa umeamka kuurudisha.

Jua lilichomoza, likafika juu ya paa la soko, likakaa hapo. Halikupanda wala halikushuka. Watu walilitazama kwa viganja machoni, wakasema halitatua mpaka jambo liishe, wakaendelea kununua vitumbua. Hakuna aliyeshtuka. Mji uliozoea kubadilisha ukweli wake kila msimu hauwezi kushtushwa na jua.

Mji mwingine huuza samaki, mwingine karafuu. Ule uliuza nyimbo, na nyimbo zilikaa ndani ya vyungu. Mwimbaji aliinama juu ya chungu kibichi akaimba mpaka mwisho, udongo ukaishika sauti. Mnunuzi naye alitega sikio kwenye mdomo wa chungu, na alipoinuka wimbo ulikuwa umekwisha kumkaa kooni. Aliondoka nao. Alipika nao wali, aliubembelezea watoto, aliugombania na mkewe. Kwa hiyo kuuondoa wimbo sokoni haikuwa kazi ya kubeba vyungu na kuvivunja. Ilibidi utolewe kooni mwa mtu mmoja mmoja, nao mji ulikuwa na makoo mengi kuliko akili.

"Nifungulie" ulikuwa wimbo wa Farjala, mtu aliyeitwa Koo la Dhahabu na kila aliyekuwa na ulimi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo yake ingeweza kukata muwa, na alipopita watoto walinyamazishwa. Siwema alikuwa mwitikiaji wake, na waliishi nyumba moja. Farjala aliita:

*Mvua yaninyeshea, mpenzi nifungulie.*

Siwema akaitikia:

*Mlango naufungua, moyo wangu uingie.*

Na mara baada ya hapo, kabla Farjala hajashika ubeti wa pili, Siwema alitoa kijisauti kifupi: *Ai!* Basi. Hicho ndicho kilichouza vyungu. Kulikuwa na nyimbo nyingi za mvua na milango, lakini hakuna uliokuwa na *ai* kama ile. Wanaume walifumba macho wakiisikia. Wanawake waliiga kwenye harusi, wakashindanishwa, na aliyeitoa vizuri alitunzwa kanga. Mabingwa wa kueleza mambo walikaa vibarazani wakaeleza kwamba hiyo ni sauti ya nafsi inapokutana na pendo, na wengine kwamba ni sauti ya utu unapojigundua. Bingwa mmoja aliishi kwa kueleza *ai* hiyo mpaka akajenga nyumba.

Siwema aliyasikia yote hayo akiwa anaosha vyombo. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto hakikunyooka. Kilikuwa kimepinda nje, na sufuria ikiwa nzito kilimuuma. Siku wimbo ulipotiwa chunguni, Siwema alikuwa amechelewa kuingia, kidogo tu, kiasi cha pumzi moja. Farjala alikuwa amesimama kando yake, mkono wake umefunikwa na mkono wa kanzu. Akakishika kidole kile akakikunja kwenda upande ambao vidole haviendi. Udongo ulikuwa mbichi ukaishika sauti. Farjala alipousikiliza wimbo baadaye alitabasamu akasema, "Iache hiyo. Tamu."

Kwa umri wa wimbo mzima mji ulikuwa ukicheza mguu mmoja juu ya kidole cha Siwema. Alikuwa akija sokoni ana jicho limefura, watu wanamuuliza, "Farjala hajambo?" Alikuwa akichechemea, wanamuomba awafundishe *ai*. Kisha siku moja Farjala alimzaba kofi binti wa mwenye soko, kwa sababu binti huyo alipita mbele yake bila kumsalimu, na ghafla mji wote ukaota masikio. Kumbe Farjala ana mkono! Kumbe mkono wenyewe mzito! Watu waliokuwa majirani zake, waliolala ukuta kwa ukuta na vilio, wakatoka nje wakiwa wameshika vifua, wakasema hawakujua. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, lakini wahenga hawakusema lolote juu ya mji unaolikalia kovu kama mkeka halafu unaruka ukidai umechomwa.

Mji ukagawanyika. Upande mmoja walikuwa Wafukiaji, waliosema mkono mchafu huchafua chungu, wimbo ufukiwe, na anayeuimba ni mshirika wa uovu. Upande wa pili walikuwa Watenganishaji, waliosema asali huliwa bila kuuliza tabia za nyuki. Mtu ni mtu na kazi ni kazi. Walibishana misikitini, sokoni, vilabuni na kwenye matanga. Walibishana vizuri, kwa misemo na vidole vya kuhesabia hoja, na jioni walirudi nyumbani wakiwa wamefurahi. Wafukiaji walitembea wamejaa usafi. Watenganishaji walitembea wamejaa busara. Hata mmoja wao hakuwahi kupita nyumbani kwa Siwema kumuuliza kidole kinaendeleaje.

Hatimaye walipita, walipomhitaji. Ilikuja Kamati ya Utakaso, mbele akiwa mwenyekiti wake, Bi Asumini, mama mmoja aliyevaa vizuri na kuongea kana kwamba kila neno lake linapigiwa makofi mahali fulani. Bi Asumini huyo ndiye aliyekuwa akigawa kanga za mashindano ya *ai*.

"Dada Siwema," alisema akiwa mlangoni, "tumekuja kusimama nawe."

"Karibuni," Siwema alisema. "Lakini mimi nimekaa. Nanyi kaeni."

Hawakukaa. Bi Asumini alieleza wakiwa wamesimama. Wafukiaji wameshinda, wimbo utarudishwa wote, haki ya Siwema ipatikane. Ila kuna jambo dogo. Desturi ya mji inasema wimbo haupokelewi mpaka uimbwe mzima, mwanzo hadi mwisho, ili ijulikane ni wenyewe. Na wimbo wa kuitikiana si mzima bila kiitikio. Na kiitikio ni cha Siwema.

"Maana yake?" Siwema aliuliza.

"Maana yake, dada yangu, utakaa sokoni, na kila anayekuja kurudisha ataita, nawe utamwitikia. Ni kwa ajili yako."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

"Mji mzima uje uniimbie wimbo wa Farjala, mmoja mmoja, nami niuitikie. Kwa ajili yangu."

"Naona umeelewa vizuri," alisema Bi Asumini, akamshika bega. Akaongeza, kama mtu anayekumbuka kusema mlango urudishiwe, kwamba mwisho wa yote Farjala mwenyewe ataurudisha wake, vyungu vitazibwa kwa nta na kufukiwa, na sauti itakayokuwa imo itabaki humo.

"Sauti ya nani?"

"Iliyomo. Desturi haichagui."

Siwema alielewa. Alikuwa na sauti hiyo moja. Aliitumia umri wake wote kumjibu mtu, lakini chini yake, mahali ambapo Farjala hakuwahi kufika kwa sababu hakuwahi kudhani kuna mahali hapo, alikuwa na wimbo wake ambao haujawahi kuimbwa. Aliwahi kuudokeza zamani. Farjala alicheka mpaka akashika ukuta, akasema, "Mwitikiaji haanzishi, Siwema. Umeona wapi mwangwi ukaanza?" Tangu hapo aliuweka ndani na kuupitia kimya kimya, kama mtu anayepapasa mfukoni kuhakikisha ufunguo upo. Sasa mji ulitaka kumfukia Farjala, na ulikuwa hauna shida kumfukia naye Siwema ilimradi shimo ni moja.

Hakukataa. Huo ndio ukweli na afadhali usemwe. Tangu utotoni alifundishwa kuwa mtoto wa kike akiitwa huitika abee, hata kama ana chakula kinywani, hata kama anayemwita hana la maana. Mama yake alimwita, akaitika. Farjala alimwita, akaitika. Sasa mji ulimwita. Akavaa kanga yake akaenda.

Vyungu vilikuwa vimepangwa soko zima, midomo wazi. Katikati, juu ya kigoda, kilikaa chungu cha kwanza, kile chenyewe, kimekuwa cheusi kwa kushikwashikwa. Siwema alikalishwa kando yake, kwenye kigoda kingine. Foleni ilianzia kwenye kigoda ikapita mabucha, ikazunguka kisima, ikatokomea upande wa mji ambao jana haukuwapo. Bi Asumini alipanda juu ya kreti la soda akatangaza desturi. Wimbo huimbwa mzima. Kiitikio ni mali ya aliyeitikia mpaka chungu kizibwe. Chungu hakizibwi mpaka mwenye wimbo arudishe wa mwisho. Watu walipiga makofi bila kusikiliza, kama ilivyo ada yao mbele ya jambo lolote linalotangazwa. Siwema peke yake alisikiliza, kwa kuwa alikuwa na mazoea ya kusikiliza ili ajue mahali pa kuingia.

Wa kwanza alikuwa muuza maji. Aliinama juu ya chungu chake akaanza, *Mvua yaninyeshea*, na alipokuwa akiimba uso wake ulianza kusogea. Pua ilirefuka. Kidevu kikachongoka. Alipofika *nifungulie* alikuwa Farjala kabisa, ana mpaka alama ya ndui aliyokuwa nayo Farjala juu ya nyusi. Siwema aliruka nyuma kidogo, kigoda kikaguna. Yule mtu akanyamaza, akasubiri. Siwema akaitikia. Alipofika mwisho akafunga midomo yake, hakutoa *ai*. Lakini hakukuwa na haja. Foleni nzima ilimsaidia kwa pamoja, kwa furaha, wakiinua mabega: *Ai!* Sauti yao ikaanguka chunguni, wimbo ukamtoka muuza maji, uso wake ukamrudia, akaenda zake akijipangusa shingo.

Wa pili alikuwa kinyozi, akawa Farjala. Wa tatu bibi arusi, hina haijakauka, akawa Farjala mwenye hina. Walikuja walimu na wachuuzi, wakaja waliokuwa vitoto jana na leo wana mvi, wakaja marehemu wawili watatu ambao hakuna aliyewauliza wametokea wapi. Wote waliinama, wote wakawa yeye. Na wale wa nyuma, ambao wengine hawakuwahi kuununua wimbo huo maishani, walikuwa wakiusikia ukiimbwa mbele yao tena na tena, ukiwaingia kooni bure, hivyo ilipofika zamu yao nao walikuwa na wa kurudisha. Hilo ndilo kosa ambalo mji ule tu ungeweza kulifanya: ulipanga siku ya kuusahau wimbo, na siku hiyo ndiyo ukaimbwa kuliko siku zote tangu udongo uumbwe. Kadiri walivyourudisha ndivyo foleni ilivyorefuka. Bi Asumini aliitazama foleni akatokwa na machozi ya fahari. Alidhani ni toba.

Chande, mchuuzi wa nyimbo, alipita kando ya foleni na kibeseni cha vijichungu. "Nifungulie ya mwisho mwisho!" alinong'ona kwa sauti ambayo ingesikika makaburini. "Usije ukasimama huko mbele huna cha kurudisha, ukaaibika!" Watu walinunua. Mfukiaji mmoja alinunua viwili, akasema ni vya ushahidi.

"Na wewe Chande huoni haya?" Siwema alimuuliza alipopita karibu.

"Haya nimeona, shangazi, lakini haziliki," Chande alijibu. "Mimi sina upande. Wakitaka kununua nauza, wakitaka kuchoma nauza kuni. Tena nikwambie, mimi ndiye pekee hapa ambaye simdanganyi mtu."

Siwema alimdharau, lakini si kwa kiasi alichowadharau wengine, na hilo lilimuudhi.

*Naufungua. Naufungua tena. Mlango gani huu haufunguki ukaisha. Huyu ni mke wa mwashi, alinisikia nikilia akaongeza sauti ya redio. Ana macho ya Farjala. Yalikuwa yake au kaazima? Huyu ni bingwa wa vibarazani. Hata sasa anaimba akifumba jicho moja, anatafuta maana. Maana ni mfupa, bwana. Maana ilisema tap. Moyo wangu uingie. Moyo gani? Ulikuwa uko kwenye kidole siku ile, wote, ulishuka wote ukakaa hapo. Na mimi nina uso gani ninapoitikia? Hakuna aliyeniambia. Pengine nami nina wake. Pengine sina.*

Aliushika uso wake, haukumwambia kitu. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua. Kila kiitikio kiliondoka na kipande, na ile aliyobaki nayo ilikuwa nyembamba kama maji ya kusuuzia kikombe. Aliupapasa wimbo wake wa ndani akaukuta upo, lakini ulikuwa umekaa pembeni kama mgeni aliyekwisha kufunga mizigo. Hapo Siwema aliogopa. Si kwa sababu ya Farjala. Aliogopa kwa kuona namna alivyokuwa akiitikia vizuri. Hakuwahi kuitikia vizuri hivyo.

"Maji, dada?" Bi Asumini alimletea kikombe. "Unafanya kazi kubwa. Vizazi vitakukumbuka."

"Watanikumbuka kwa sauti ipi?"

Bi Asumini alitabasamu tabasamu la mtu ambaye hakusikia swali ila amesikia kwamba limekwisha.

Foleni ilisogea. Farjala wa kwanza, Farjala wa mia, Farjala mwenye kilemba, Farjala mjamzito. Siwema hakuwatazama tena. Aliinamisha kichwa akawa anasikiliza tu, na katika kusikiliza aligundua jambo. Watu hawa, pamoja na upumbavu wao wote, walipofika mwisho wa *nifungulie* walinyamaza. Walivuta pumzi wakamwachia nafasi. Hata Chande, aliyeimba kwa kujaribu bidhaa, alinyamaza. Walijifunza wimbo kutoka chunguni, na chunguni kulikuwa na nafasi hiyo, ya kwake, ambayo alikuwa ameipigania kwa kuingia kila mara upesi kabla haijafungwa.

Kisha, mji mzima ulipokwisha kupita, akaja mmoja ambaye hakunyamaza.

Aliita, *mpenzi nifungulie*, na pale pumzi ilipotakiwa aliendelea moja kwa moja kwenye ubeti wa pili, sauti yake ikapanda juu ya kiitikio cha Siwema kama gurudumu linavyopanda juu ya kijiti. Siwema alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Akakifunga. Yule mtu hakutambua. Aliimba mpaka mwisho, vizuri, ametuna kifua, akijisikiliza, na katika wimbo mzima hakusubiri hata mara moja. Kumbe hakuwahi kusubiri. Umri wote ule Siwema alidhani yeye ndiye aliyekuwa akichelewa.

Akainua kichwa. Uso ulikuwa ule ule wa wote, na haukubadilika wimbo ulipokwisha.

"Siwema," Farjala alisema.

Neno abee lilimfika ulimini. Alilimeza.

Bi Asumini alisogea ameshika tonge la nta tayari. "Wa mwisho huo," alisema. "Itikia, dada, tuzibe."

"Itikia basi," Farjala alisema, kwa sauti ya mume anayeulizia chumvi. "Jua kali. Wamenidhalilisha vya kutosha. Mtu niliyewaozesha watoto wao wote kwa sauti yangu, leo wananipanga foleni na wauza dagaa. Maliza twende."

"Twende wapi?"

"Nyumbani. Kwani una pengine?"

Siwema alinyamaza. Ukimya wake ulitambaa sokoni, na mji, usioweza kuacha kitu kitupu bila kukijaza, ukaanza kuujaza.

"Haitikii!" mtu akapaza sauti. "Kakataa! Wimbo hauzibwi!"

Watenganishaji wakaruka kwa shangwe. "Mnaona? Mwenyewe kasamehe! Kazi ni kazi, mtu ni mtu!" Wafukiaji wakatema mate chini. "Msaliti! Tunampigania, yeye anamlinda bwana wake! Ndio hao hao, ukiwaonea huruma wanakuumbua!" Waliomshika bega asubuhi sasa walitafuta mawe kwa macho. Hata Farjala alisadiki, tena yeye kuliko wote. Macho yalimlainika.

"Nilijua," alisema polepole. "Nilijua hutaniacha nife. Bila mimi wewe ni nani?"

Siwema akasimama. Kigoda hakikuguna safari hii.

"Mnauliza wimbo uuzwe au usiuzwe," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo ikabidi wanyamaze ili waisikie, na kunyamaza kuliwauma. "Tangu mlipoanza kuuliza sijasikia mmoja wenu akiuliza wimbo ni wa nani. Mnabishana juu yake kama ng'ombe wa marehemu, na mimi nimesimama hapa. Uzeni. Fukieni. Yote kwangu sawa, maana nyie ni wale wale. Mliosema hamkujua mlijua. Mnaosema haidhuru mnajua inadhuru. Mimi nimekuja kuchukua changu."

"Desturi..." Bi Asumini alianza.

"Umeitangaza mwenyewe. Kiitikio ni mali ya aliyeitikia mpaka chungu kizibwe. Umeziba kipi?"

Bi Asumini alilitazama tonge la nta mkononi. Lilikuwa limeyeyuka likimchuruzikia kwenye kiganja.

Siwema aliinamia chungu cha muuza maji akavuta pumzi. Kitu kilitoka mle kikamwingia, nao wale waliokuwa karibu walisikia kama mtu anavuta uzi kutoka kwenye nguo. Akaenda cha kinyozi. Akaenda cha bibi arusi. Alipita soko zima akiinama na kuinuka, taratibu, kama anachota maji ya wudhu, na kwa kila chungu mgongo wake ulizidi kunyooka na hatua zake zilizidi kusikika. Hakuna aliyemzuia. Walikuwa wanasikiliza, kwani vyungu alivyovipita vilianza kuimba vyenyewe, na vilichoimba kilikuwa kibaya. Kilikuwa sauti ya mwanamume mmoja anagonga mlango. *Nifungulie*, kimya. *Nifungulie*, kimya. Hakuna mvua, hakuna pendo; mtu tu anabamiza na kubamiza nyumba ya watu. Ndio wimbo uliowaozesha watoto wao. Watu waliujua kila neno lakini walikuwa hawajawahi kuusikia.

"Hebu acha!" Farjala alifoka. "Unaharibu! Siwema! Hiyo ni kazi yangu!"

"Ndiyo hiyo," Siwema alisema. "Nimekuachia yote."

Mwisho alifika kwenye chungu cheusi, cha kwanza. Aliinama akavuta viitikio vyake, kimoja kimoja, na vilipokwisha alibaki ameinama, kwa kuwa chini kabisa, kwenye udongo wenyewe, kulikuwa na kitu kingine chake. Alikisikia kikipumua. Angeweza kukichukua. Kidole kilimuuma ghafla, kama zamani.

Akainuka akakiacha.

"Hii mlipenda wenyewe," aliwaambia. "Mlitunzana kanga kwa ajili yake. Nawaachia."

Akajifunga kanga kiunoni akashika njia ya kisimani. Chande, ambaye mikono yake haijui kutulia mbele ya bidhaa, alikimbilia chungu cheusi akatega sikio, bado na tabasamu la kibiashara. Alisikia mwanamume akigonga. Alisikia kimya. Kisha akasikia *ai*, peke yake, haina kiitikio mbele wala ubeti nyuma, haina kitu cha kuifunika. Alitoa kichwa. Alikishika kidole chake kidogo bila kujua kwa nini, akampa chungu aliyekuwa jirani, naye akasikiliza akampa mwingine, kikazunguka hivyo mkono kwa mkono. Aliyejenga nyumba kwa kuieleza *ai* hiyo alikipokea, akasikiliza, akafungua kinywa kueleza, akakosa. Kilipomfikia Bi Asumini nta ilikuwa imemgandia mkononi, akakishika vibaya lakini hakikuanguka. Hakuna aliyethubutu kukiangusha, wala hakuna aliyetaka kuwa nacho.

"Siwema!" Bi Asumini aliita. "Rudi uje utwambie tukifanye nini hiki!"

"Siwema!" Farjala aliita, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alinyamaza akasubiri.

"Siwema!" mji mzima uliita, Wafukiaji na Watenganishaji kwa koo moja, mpaka njiwa wakaruka mapaani na jua, lililokuwa limeganda tangu asubuhi, likaanza kuteremka upande wa pili.

Alikuwa bado hajapita kisima. Aliwasikia wote, mmoja mmoja, kwa jina. Hakusema abee. Alikuwa amevuta pumzi ya kuanza wimbo wake.